Katoni, migomba na mavi ya ng'ombe: mapambo ya tarehe 16 yametoka wapi



Najua mnangoja ile orodha ya mapambo niliyoahidi. Tangu tuambiwe kwamba shule itafanya sherehe ya Siku ya Mtoto wa Afrika na kwamba sisi vijana njo tutapamba, simu yangu haipumziki. Mmetuma picha nyingi: mabaluni ya rangi ya dhahabu, riboni, maua ya karatasi inayong'aa, meza zenye vitambaa vyeupe mpaka chini. Nzuri, sikatai. Nilichukua picha moja tu, nikaenda nayo dukani Mahoko, nikauliza bei ya kitu kimoja kimoja. Mwenye duka hajafika hata nusu ya picha, nikazima simu, nikamwambia asante papa, nitarudi. Sijarudi.

Kwa hiyo badala ya orodha nimewaandikia historia. Msikasirike. Mawazo ya mapambo yamo humo ndani, lakini nimetaka tujue kwanza vitu tunavyovishika vimetoka wapi, juu mwaka jana tulipamba bila kujua, na kuna jambo lilitokea ambalo bado liko kwenye roho yangu. Nitalifikia.

Tuanze na siku yenyewe.

Watoto wengi, na hata sisi wakubwa, tukisikia tarehe 16 Juni tunafikiria soda, mandazi na ngoma. Lakini siku hii imetoka kwenye maandamano. Afrika Kusini, mwaka 1974, serikali ya ubaguzi iliamuru shule za Waafrika weusi zifundishe nusu ya masomo, hesabu ikiwemo, kwa Kiafrikana, lugha ya wale waliokuwa wanawatawala. Watoto hawakuielewa vizuri, na walimu wengi vilevile. Fikiria unafanya mtihani wa hesabu kwa lugha ambayo mwalimu wako mwenyewe anaitafuta kwenye kamusi. Sisi tuliotoka kwenye Kifaransa cha kule tukaingia kwenye Kiingereza cha shule za hapa Rwanda tunaweza kufikiria kidogo, ila sisi hakuna aliyetuelekezea bunduki darasani. Asubuhi ya tarehe 16 Juni 1976 maelfu ya wanafunzi wa Soweto walitoka na yunifomu zao, wakaandamana kuelekea uwanja wa Orlando. Polisi wakapiga risasi. Kati ya waliokufa ile siku ni Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Picha yake akiwa amebebwa mikononi mwa kijana Mbuyisa Makhubo, dada yake Antoinette akikimbia kando, ilipigwa na Sam Nzima na ikazunguka dunia yote. Katika miezi iliyofuata waliuawa mamia. Mwaka 1990 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, na ikaanza kuadhimishwa 1991.

Sasa tafuteni picha nyingine za ile asubuhi, zile za kabla ya risasi. Angalieni mikono ya wale wanafunzi. Wameshika mabango. Hayakutoka kiwandani wala kwa mchoraji wa matangazo. Ni vipande vya katoni na makaratasi, vimeandikwa kwa mkono, herufi nyingine kubwa nyingine ndogo, kama mtu aliyeanza kuandika akaona nafasi inaisha. Waliyaandika wenyewe kwa siri. Ukitaka kusema "mapambo" ya kwanza ya tarehe 16 Juni yalikuwa nini, ni yale. Hapakuwa na ua hata moja.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye sherehe huwa hatuambiwi. Wale watoto, wengi wao wakawa wakimbizi. Mbuyisa Makhubo, yule aliyembeba Hector, alikimbia nchi juu polisi walikuwa wanamsumbua. Barua ya mwisho ambayo mama yake alipata ilitoka Nigeria mwaka 1978, na hakurudi nyumbani tena. Tsietsi Mashinini, mmoja wa viongozi wa yale maandamano, alikimbia pia, akafa Guinea mwaka 1990 bila kuishi tena kwao. Wengine walifika karibu na sisi, Tanzania. Serikali ya Tanzania ilikuwa imekipa chama cha ANC ardhi Mazimbu, karibu na Morogoro, mahali palipokuwa shamba la zamani la mkonge. Hapo ilianzishwa shule kwa ajili ya vijana hao, na baadaye ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Pale Mazimbu wanafunzi hawakukaa tu kusoma. Walisaidia kujenga majengo, walilima, na palikuwa na karakana ya kutengeneza meza, viti na vitanda vya kutumia wenyewe. Mwaka 1992 waliikabidhi Tanzania ile sehemu yote, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mimi nilipoisoma hiyo niliweka simu chini kidogo. Shule ya wakimbizi, wamekaa juu ya viti walivyovichonga wao, halafu wakawaachia wenyeji wao chuo.

Kwa hiyo wazo la kwanza ni katoni. Hiyo tuko nayo. Katoni za sabuni, za biskuti, za mafuta. Wenye maduka wa Mahoko wanazitoa bure ukienda jioni kabla hawajaziwashia moto. Ukiifungua katoni, ukailowesha maji kidogo upande mmoja, ile karatasi ya juu inabanduka na chini yake unaona mifereji mifereji. Ule upande wa mifereji unaonekana kama kitu cha kununua. Gundi tusitafute: unga wa mhogo, maji, moto mdogo, koroga mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Unashika kuliko gundi ya chupa. Ila usiuache usiku kucha mahali panya wanapita. Mwaka jana tulipoteza herufi tatu hivyo, asubuhi lango likasema KARIB.

Nije kwenye plastiki, juu hapa njo watu waliotoka Goma wananipinga kila mara. Kule kwetu tulikuwa tunapamba na sasheti. Unakata sasheti ya rangi vipande vyembamba, unafunga katikati, unavuta, linatoka ua ambalo haliogopi mvua. Mama zetu walipamba harusi nzima hivyo. Wengi wenu mlifika hapa na hayo maua, au mlitaka kuyaleta, mkakutana na watu wa mpakani kwenye Petite Barrière wanapekua mabegi na kutoa kila shashi. Rwanda ilipitisha sheria ya kukataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza plastiki zote za kutumia mara moja ukatupa. Nilimwona mama mmoja pale anavua nguo za mtoto kutoka kwenye mfuko, anazibeba mkononi, machozi yanatoka. Hakulilia mfuko, nadhani. Ilikuwa tu kitu cha mwisho ile siku.

Lakini tuseme ukweli, ile sheria imetusaidia kwenye mapambo. Imetulazimisha tuangalie chini. Mafundi cherehani wa sokoni wanatupa vipande vya kitenge kila jioni, vidogo kama kiganja. Ukivikata pembetatu na kuvishona kwenye kamba ya katani unapata bendera ndogo za kuzungusha uwanja wote, na kesho yake unaweza kuzifua. Na kitenge nacho kina safari yake, msifikiri kilizaliwa Kivu. Ule mtindo wa kupaka nta kwenye kitambaa ndipo rangi ishike pembeni ni wa watu wa Java, Indonesia. Waholanzi waliuiga kwa mashine karne ya 19, kiwanda cha Vlisco kilianza Helmond mwaka 1846, na soko walilolipata kubwa zaidi likawa Afrika Magharibi. Ukafika Kongo, na baadaye Kongo nayo ikawa na viwanda vyake, kama Sotexki ya Kisangani. Leo mtu akikuambia kitenge si cha Mkongo mtagombana mpaka usiku. Nataka mkumbuke hiyo, nitairudia kidogo mbele.

Migomba. Hapa nina onyo.

Kila mtu wa ukanda huu anajua lango la migomba. Harusi, padri mpya, mgeni mkubwa, unachimba mashimo mawili, unasimamisha migomba miwili na majani yake, unaifunga juu ikutane, basi mahali pamekuwa pa sherehe. Wazee wanasema wao waliyakuta hivyo. Ni rahisi na ni nzuri, na mtu wa kwanza kutuma wazo hili kwenye kikundi nilimpongeza. Halafu koko mmoja mkulima, jirani wa shule, alinisikia tunapanga kuomba migomba kwake akaniita.

"Mwana, hiyo panga mtakatia imetoka wapi?"

Nikamwambia tutaazima.

"Basi hapana. Hamtakata kwangu."

Nilidhani ni roho mbaya, kumbe ni mimi sikuwa najua. Kuna ugonjwa wa migomba, hapa wanauita kirabiranya. Jani linanyauka, ndizi zinaiva kwa nguvu zikiwa ndogo, ukikata shina linatoa maji ya njano. Bakteria wake wanabebwa na wadudu lakini pia na panga: ukikata mgomba mgonjwa kwa huyu, ukaenda na panga ileile kwa yule, umempelekea. Ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka 2001. Rwanda ulionekana mara ya kwanza mwaka 2005, na ni hapahapa Rubavu. Yaani ulitoka kwetu ukavuka, hakuna aliyeuandikisha wala kuupa kadi. Koko aliniambia aling'oa shamba lote miaka ile, akalala njaa, akapanda viazi. Sasa migomba aliyonayo anaijua mmoja mmoja.

Tukakubaliana hivi. Hatukati mgomba mbichi wa mtu yeyote. Tunachukua majani makavu na yale maganda makavu ya shina ambayo yanajitenga yenyewe kwa nje, yeye mwenyewe anatuvulia. Na kama kuna lazima ya kukata, panga inapita kwenye moto kwanza, mpaka ukiigusa na maji inalia. Yale maganda makavu yana rangi tatu au nne, kahawia, nyeupe kama maziwa, nyeusi kidogo. Unachana nyuzi, unasuka mikia mitatu, unapata kamba ndefu ya kuning'inizia bendera. Watoto wadogo wanajua zaidi kuliko sisi, juu mipira yao ya kuchezea wanaifunga kwa hayo majani kila siku. Mwaka jana niliwapa dakika kumi, wakanirudishia mipira 14 badala ya kamba. Tukaining'iniza mipira. Ilikuwa nzuri kuliko nilichopanga.

Sasa tufike kwenye kitu ambacho njo kimenifanya niandike yote haya: imigongo.

Ambao hawajaona, ni zile picha za Rwanda zenye mistari iliyoinuka, nyeusi, nyeupe na nyekundu, pembetatu, vipande kama almasi, duara zinazojizungusha. Mtazikuta kwenye hoteli, benki, hata kwenye vikombe. Jina lake linatoka kwenye neno umugongo, mgongo, juu mistari yake imeinuka kama uti wa mgongo. Asili yake ni Gisaka, mashariki kabisa ya nchi, ambayo zamani ilikuwa ufalme wake wenyewe kabla ya kuingizwa katika Rwanda karne ya 19. Simulizi la huko linasema aliyeanza ni mtoto wa mfalme, Kakira mwana wa Kimenyi, aliyetaka nyumba yake iwe nzuri ndani. Aliyeshika kazi hiyo miaka yote, lakini, ni wanawake. Waliifanya kwenye kuta za ndani za nyumba zao, hawakuwa wanauza.

Kazi yenyewe inaanza na mavi ya ng'ombe. Mabichi, na ya ndama ndiyo mazuri zaidi kwa sababu ni laini. Unayachanganya na majivu, ambayo yanaondoa harufu na kufukuza wadudu. Unachora mistari kwenye ukuta au ubao, halafu kwa vidole unapandisha ile michanganyiko juu ya mistari, polepole, iinuke. Inakauka siku kadhaa. Unaisugua iwe laini. Kisha rangi. Nyeupe ni udongo mweupe unaoitwa ingwa. Nyekundu ni udongo mwekundu. Nyeusi njo kazi kubwa: maganda ya ndizi yanachomwa mpaka yawe majivu, yanachanganywa na maji ya mshubiri na tunda la intobotobo, lile la njano lenye miiba linalofanana na nyanya ndogo. Hakuna kitu hapo cha dukani.

Kazi hii ilikaribia kupotea. Vita na mauaji ya kimbari ya 1994 viliwachukua wengi waliokuwa wanaijua, na nyumba zao zikaanguka pamoja na kuta zake. Baadaye wanawake wa Nyakarambi, wengine wao wajane, waliifufua kwa ushirika, wakaitoa kwenye ukuta wakaiweka kwenye mbao ndogo ambazo mtu anaweza kununua na kubeba. Hilo ni badiliko kubwa, fikirieni: pambo lililokuwa haliwezi kutoka nyumbani likawa kitu cha kubebwa.

Nyakarambi iko wilaya ya Kirehe. Na Kirehe njo iko kambi ya Mahama, iliyofunguliwa 2015 kwa ajili ya Warundi. Mnajua tayari ninakokwenda. Kituo cha mpito cha Nkamira hapa kwetu kilipokea Wakongo wakati wa vita vya 2012, wengi wakapelekwa Kigeme, kikapokea tena kuanzia mwisho wa 2022, na safari hii wengi wamepelekwa Mahama. Kila mmoja wetu ana mtu aliyepanda basi la Mahama. Dada mmoja aliyekuwa nasi kwenye kikundi ni mmoja wao. Amejifunza imigongo huko kwa mama jirani na anatutumia picha hatua kwa hatua. Pambo la watu wa mashariki limerudi magharibi kwa simu, mkononi mwa Mkongo.

Niliposema tufanye imigongo kwenye katoni, kwenye kikundi mliandika mambo mawili. La kwanza, harufu. Nimejaribu: majivu mengi, siku tatu za jua la Juni, hakuna harufu. Watoto walikimbia siku ya kwanza. "Yaya, ile njo mavi kweli?" Siku ya pili walikuwa wanagombania zamu. Ambaye hataki kabisa atumie uji wa mhogo uliochanganywa na majivu na vumbi la mbao, inainuka pia, ingawa inapasuka pasuka.

La pili ni zito zaidi. Mmoja aliandika: "Hiyo si ya kwetu. Sisi tupambe na vitu vya kwetu." Namheshimu na sikumjibu haraka. Kweli, mtu akikaa kwenye kambi miaka anaogopa kusahau. Ndiyo maana mtoto mmoja mwaka jana alichonga chukudu ndogo ya mti wa mikaratusi, na magurudumu yake na mpira wa tairi, akaipakia katoni ndogo ndogo kama mzigo. Chukudu ni ya Kivu, watu wanasema ilianza miaka ya 1970 wakati gari na mafuta vilikuwa vigumu kupata Zaire, na tangu 2009 iko na sanamu yake ya rangi ya dhahabu pale Goma. Ile chukudu ndogo tutaiweka mezani mbele tena mwaka huu, nimeitunza. Lakini kitenge nacho hakikuwa cha kwetu. Kimekuwa chetu juu mama zetu walikivaa, walizikwa nacho, walitubebea mgongoni. Sioni kwa nini mtoto aliyeweka vidole vyake kwenye imigongo siku tatu aambiwe si yake. Huu ni mtazamo wangu, mnaweza kunipinga.

Sasa lile jambo la mwaka jana.

Wengine mlikuwepo. Tuliwapa watoto wa darasa la nne hadi la sita vipande vya katoni, tukawaambia: andikeni kitu kimoja mnachotaka. Hatukuwafundisha chochote kuhusu Soweto, sisi wenyewe hatukuwa tunajua habari za mabango. Waliandika vipande 23. "Nataka kitabu changu peke yangu." "Mama apone." "Nataka kuwa rubani lakini wa ndege ndogo." Na mvulana mmoja wa la sita akaandika, kwa herufi zilizonyooka sana, amepiga mistari na rula: "Msituhamishe kabla ya mtihani."

Tulivitundika vyote kwenye kamba ya migomba tangu langoni hadi jukwaani. Jioni ya kabla ya sherehe mmoja wa wakubwa waliokuwa wanasimamia alipita kuangalia. Alisoma vitatu au vinne. Hakukasirika, alisema kwa upole tu: wageni watafikiri mnalalamika, siku hii ni ya furaha, ondoeni maneno muweke maua. Nikaondoa. Sikubishana hata kidogo. Mimi mwenyewe nilipanda kiti nikafungua vifundo 23, na tukakata maua ya karatasi mpaka saa nne usiku.

Asubuhi yule mvulana alifika mapema, yunifomu imepigwa pasi. Alizunguka kamba yote, mara mbili. Halafu akaja kwangu.

"Yaya, nilikosea herufi?"

Nilimwambia hapana, hukukosea. Sikujua niongeze nini. Aliniangalia, akaenda kukaa na wenzake, akaimba na wengine.

Mtihani alifanya. Familia yake ilipanda basi la Mahama mwezi wa Agosti. Ni mdogo wake yule dada anayetutumia picha za imigongo, na kwenye picha moja ya wiki iliyopita mikono inayoshika ubao si ya dada, ni ya mvulana.

Ndiyo maana sitaki mwaka huu tupambe kwa maua peke yake. Siyo ugomvi na mtu yeyote; yule mkubwa alitaka wageni wafurahi na ni kazi yake. Lakini siku hii wanafunzi wenzetu walishika katoni zilizoandikwa, na sisi tukashusha katoni zilizoandikwa ili siku yao ipendeze. Siku nne baadaye, tarehe 20, ilikuwa Siku ya Wakimbizi Duniani, ile inayoadhimishwa tangu 2001, na yale maua yetu yalikuwa bado yako pale yamefifia kwa jua. Nikayashusha pia.

Pendekezo langu ni hili. Kila mtoto atengeneze fremu ya imigongo kwenye katoni, upana wa daftari mawili, mistari aitakayo yeye. Katikati inabaki nafasi tupu ya karatasi nyeupe, na hapo anaandika sentensi moja. Bendera za kitenge juu, kamba za migomba kavu, mipira, chukudu mezani. Kwenye lango, badala ya KARIBUNI pekee, mistari mitatu ya kueleza 1976 ni nini, ili mgeni akisoma sentensi ya mtoto ajue kwa nini iko pale. Nimeshamwonyesha mwalimu anayehusika na sherehe. Alisoma, akanyamaza, akauliza kama maneno yatasomwa kwanza na walimu. Nikasema yasomwe, lakini yasifutwe. Akasema tutaona kwenye kikao.

Kikao ni Ijumaa saa kumi jioni, darasa la mwisho upande wa matanki ya maji. Nikienda peke yangu itakuwa ni wazo la kijana mmoja. Tukiwa kumi ni jambo jingine. Nitakuja na vile vipande 23. Viko chini ya godoro langu, viwili vimeliwa na panya pembeni lakini vinasomeka.

Jumamosi saa tatu asubuhi, hata kama jibu halijatoka, tunaanza kukoroga majivu. Mwenye mkasi alete. Ule wetu umevunjika mpini, na mavi ya ndama nimeahidiwa na koko, tusichelewe yasikauke.